Neno Walilomvika Moraa

Ijumaa alasiri, Ekerenyo. Mvua iliyoanza asubuhi imekatika ghafla, kama msemaji aliyenyang'anywa zamu. Nina hasira.

Naandika upesi. Jua likizama Sabato inaingia, nami kabla ya hapo huifunga mashine hii na kuifunika kitambaa. Hasira hii sitaingia nayo Sabato. Nitaiacha hapa, nanyi mtaikuta.

Kwa kawaida shajara hii ya mtandaoni siiandikii mtu. Leo naiandikia ukoo mzima, maana najua mnaisoma, hata nyinyi mnaoapa kwamba hamuisomi. Basi niruhusuni nianze kama ambavyo ningeanza nikiwa nimesimama mbele yenu.

Baba yangu mdogo, Mwalimu Ombati, mkubwa wetu pekee aliyebaki, utakayesomewa maneno haya huko Masimba. Wazee wa nyumba zetu zote. Mama zangu na wake wa kaka zangu. Wazee wa kanisa mtakaotuongoza kwa sala keshokutwa. Wakwe zetu mtakaofika kutoka Suneka. Vijana mlioiandaa sherehe. Na nyinyi watoto mnaosoma kwenye simu mkiwa mmejificha jikoni: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa nafasi yake.

Moraa sikumtaja. Nafasi ya Moraa ndiyo tunayokwenda kuizungumzia.

Kwa wageni mnaopita hapa: Moraa ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu Mose. Jumapili tunamfanyia ibada ya shukrani kwa umri Mungu aliomjalia. Mjukuu wake Deni, mwenye duka la vipuri Suneka, ndiye aliyebeba mzigo wa maandalizi. Amekodi hema, viti na vipaza sauti, wala hakumsumbua mtu. Kwa hilo nampongeza, na sifa hiyo naiandika mapema kwa sababu baada ya hapa atapata nyingine.

Jumanne Deni alituma ratiba katika kundi la ukoo kwenye simu. Mbele ya hema, kochi moja la watu wawili. Juu yake, Moraa na Mwalimu Ombati. Kisha keki, na Moraa atamlisha Mwalimu kipande cha kwanza kwa mkono wake, picha zipigwe.

Moraa aliposomewa ratiba hiyo alisema maneno mawili. "Mimi siji."

Hakufafanua. Akachukua jembe akaenda kwenye migomba yake.

Jioni Deni akaandika juu ya nyanya yake, magokoro kwa Kikisii chetu, nanukuu kama alivyoandika: "Magokoro ameamka na mudi zake. Msijali, programu inasonga." Nyuso za kucheka zikapangana chini yake kama mahindi darini. Mmoja wenu, ambaye namjua na ambaye nilimfundisha kusoma, akaongeza: "Huyo ni moody tangu enzi za mkoloni!"

Si tangu enzi za mkoloni, mwanangu. Bendera ilikuwa imeshapandishwa. Ni tangu mwaka wa sabini, na aliyelipokea neno hilo akalileta nyumbani kwetu namjua kwa jina.

Nilimpigia Deni simu.

"Nyanya Mwalimu, sasa mimi nimekosea wapi?" akaniuliza. "Kila sherehe watu hulishana keki. Ni mapenzi tu!"

"Unataka mke wa mtoto amtie baba mkwe wake keki mdomoni, mbele ya hema zima?"

Kisha akasema, kwa unyofu ulioniumiza kuliko ujeuri: "Kwani Sokoro Ombati ni nani kwake? Si ni mzee tu?"

Tumewalea watoto hawa juu ya milima hii hii, tukawalisha ndizi zetu, na hatukuwaambia.

Basi nawaambia. Kwetu kuna chinsoni. Mswahili ana neno soni, yaani haya, na nadhani maneno haya mawili yalinyonya ziwa moja. Lakini chinsoni si haya ya mtu mwenye kosa. Ni heshima iliyo na mipaka kama shamba. Mwanamke aliyeolewa hamkazii macho baba wa mumewe. Hasemezani naye ana kwa ana, hapiti karibu yake, hali mbele yake. Na baba mkwe naye amefungwa na sheria iyo hiyo: haingii nyumbani kwa mwanawe, wala hamwekei mke wa mwanawe mtego wa kukutana. Na ndugu ya baba ni baba. Ombati ni mdogo wake baba yetu, kwa hiyo kwa Moraa yeye ni baba mkwe kamili, hana upungufu wa hata unywele.

Sasa niwarudishe nyuma.

Mwaka wa 1969 Moraa nami tuliingia chuo cha ualimu pamoja. Chuo chenyewe sitakitaja. Majengo yamebadilika na waliokuwamo wamelala. Hakuwa bado wifi yangu. Alikuwa rafiki tu, msichana mrefu mwenye kicheko kilichokuwa kikivuka ukuta wa bweni. Mwalimu Ombati, baba yangu mdogo, alikuwa akitufundisha hesabu na mbinu za kufundisha, naye alikuwa Mkisii wa kwanza kuwa mkufunzi pale. Katika somo lake hakuna aliyenyoosha mkono kabla ya Moraa. Mwalimu alikuwa akisema, "Wengine nao wajibu, Moraa apumzike," darasa likicheka.

Likizo ya Desemba kaka yangu Mose akamuoa. Ng'ombe walikuwa wametangulia, kanisa likafuata.

Januari Moraa akarudi chuoni akiwa mke wa mtoto wa Ombati.

Mnaweza kukisia kilichotokea, nyinyi mnaojua. Mwalimu akiingia darasani, Moraa aliinamisha kichwa. Akiulizwa swali, hakujibu. Mwalimu akipita uani, Moraa aligeukia ukuta mpaka apite. Siku moja tulikuwa tukishona huku tukicheka, machozi yakitutoka; Mwalimu akafungua mlango kumuulizia mtu, na kicheko cha Moraa kikakatika kama uzi. Alipoondoka, kikarudi.

Mkuu wa chuo, mama mmoja wa kutoka ng'ambo tuliyemwita Madamu, aliyaona hayo yote. Hakuwa mtu mbaya. Aliona msichana anayecheka saa hii na kununa saa ile, aliyekuwa mwepesi mwaka jana na mzito mwaka huu, na katika lugha yake kulikuwa na neno lililoshonwa tayari kwa mtu wa namna hiyo. Moody. Mtu ambaye moyo wake hubadilika bila sababu.

Bila sababu! Sababu ilikuwa imesimama mbele ya ubao ikiwa imevaa tai.

Kisha zikaja wiki za mazoezi ya kufundisha. Tulitawanywa katika shule za msingi, na wakufunzi wakawa wakija kuketi nyuma ya darasa kutupima. Walikuwapo wakufunzi kadhaa. Ombati angeweza kusema, "Huyu apimwe na mwingine." Mkubwa ndiye hutangulia kuondoka njiani, hivyo ndivyo chinsoni inavyotaka. Hakusema. Alikuja yeye, akavuta kiti, akaketi nyuma ya watoto, akimtazama moja kwa moja.

Nilikuwa nikifundisha darasa la jirani, na ukuta wetu haukufika juu. Niliposikia kiti kikivutwa nilichungulia dirishani.

Moraa alikuwa akifundisha kugawanya, uso wake ukiwa ubaoni. Hakugeuka hata mara moja. Aliandika, akaeleza kwa sauti ya wazi, akauliza, akasikiliza, akasahihisha, yote hayo akiwatazama watoto kwa kisogo. Watoto wakawa wakijibu gauni lake. Jasho lilikuwa limechora mstari katikati ya mgongo, na chaki ilikuwa ikivunjika mkononi mwake kipande baada ya kipande. Lilikuwa somo zuri. Niliwahi baadaye kukagua walimu kwa miaka mingi, na nasema kwa kinywa changu, lilikuwa somo zuri.

Mwalimu asiyeweza kuwatazama watoto usoni, Madamu akasema habari zilipomfikia, hawezi kukabidhiwa watoto. Akapanga kumrudisha nyumbani.

Nilikwenda ofisini kwake. Kiingereza changu kilikuwa kikavu kama mkate wa juzi, lakini nilikwenda. Nilimweleza kwamba Moraa hakununa. Nilimweleza kuhusu ndoa, kuhusu baba na ndugu ya baba, kuhusu macho. Madamu akanisikiliza kwa makini, akaniuliza maswali, akayaelewa majibu. Kisha akafanya jambo la haki kabisa ambalo hadi leo siwezi kumlaumu kwalo. Alimwita mtu wa kabila letu athibitishe.

Alimwita Ombati.

"Mwalimu," akamuuliza, mimi nikiwa nimesimama pale pale, "ni kweli kwamba msichana huyu hawezi kukutazama kwa sababu ya desturi?"

Baba mdogo aliitazama tai yake. Akaitengeneza. "Hayo ni mambo ya kale, Madamu," akasema. "Watu wetu wa sasa wameyaacha. Huyu ni tabia yake tu."

Tabia yake tu.

Mtu aliyesema hivyo, nyumbani alikuwa akizunguka nyuma ya zizi ili asikutane na mke wa mwanawe wa kumzaa.

Moraa alirudi nyumbani kabla ya mvua ndefu, sanduku lake la bati kichwani. Wazee walipouliza kisa, Ombati ndiye aliyewajibu, maana yeye ndiye aliyetoka huko: "Wazungu wanasema ni moody." Wazee hawakujua maana, na kwa sababu hiyo hiyo wakaliamini. Likawa vazi. Moraa akinyamaza kwa sababu ya uchovu, ni mudi. Akikataa kuuza mkungu kwa bei ya dhuluma, ni mudi. Alipofiwa na kaka yangu akakaa siku nyingi bila kusema, kuna mtu, Mungu amsamehe, alinong'ona hivyo hivyo matangani. Kiswahili kina kununa, kina kisirani, kina kuvuta mdomo. Ukoo huu uliyapita yote ukaenda kuazima ng'ambo, kana kwamba tusi likivaa viatu huwa uchunguzi wa daktari.

Nanyi mtauliza: kwa nini hakujitetea? Miaka yote hiyo?

Kwa sababu utetezi wake ulikuwa na jina moja tu ndani yake, na jina hilo ni la baba mkwe. Alilofungwa nalo chuoni ndilo lililomfunga nyumbani. Mimi mwenyewe nilitaka kusema tangu jioni ile ya kwanza. Alinishika mkono jikoni. "Usimseme, Kerubo. Ni baba yetu." Siri haikuwa yangu. Nikaishika, ikanichoma, nikaishika.

Jumatano nilikwenda kwake. Na nikiri, nilikwenda na kamusi kubwa, ile inayoeleza maneno yalikotoka, kwa sababu kabla ya ukaguzi nilifundisha Kiingereza na hasira yangu hupenda vitabu. Nilikuwa nimegundua jambo na nilikuwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

Nilimkuta akichambua mboga. Nikaketi, nikamsomea. Kwamba zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja nyuma, katika Kiingereza ambacho Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila mwalimu, neno mod lilikuwa na maana ya moyo, nafsi, roho ya mtu. Kwamba aliyeitwa modig alikuwa jasiri, askari asiyerudi nyuma, mtu wa kusifiwa. Kwamba Mjerumani, ambaye lugha yake ni binamu ya Kiingereza, hadi leo ana neno Mut, na kwake ni ujasiri. Kwamba neno lenyewe lilianza kuteremka polepole: kutoka ushujaa likaingia kiburi, kutoka kiburi likaingia hasira, kutoka hasira likafika kwenye kununa, na huko ndiko Madamu alikoliokota.

"Unaona?" nikamwambia. "Walipokuita moody, bila kujua, walikuita shujaa. Jumapili nitasimama niwaambie hivyo."

Moraa aliendelea kung'oa majani. Akatupa bua, akapangusa vidole kwenye leso.

"Kerubo, mwachie Mwingereza neno lake. Alilianza yeye, akaliharibu yeye. Linanihusu nini?"

"Linakusafisha."

"Mimi sikuwa mchafu." Akanitazama, na anapotaka kutazama, Moraa hutazama. "Sikuwa na mudi, na sikuwa shujaa. Shujaa gani anafundisha akiwa ameupa ubao uso? Nilikuwa na adabu. Sema hilo tu, kama ni lazima useme."

"Kwa hiyo nimeruhusiwa kusema?"

Akavunja bua jingine. "Keki," akasema. "Nimlishe keki! Nimenyamaza ili nisimtazame, sasa nimlishe?" Na kicheko kile cha bweni kikamtoka, kile kile, hata kuku wakakimbia. Kisha kikaisha, akafuta macho. "Sema. Lakini kwa heshima. Bado ni baba."

Niliifunga kamusi. Nilibaki na aibu kidogo, kama mtu aliyemletea mwenye njaa historia ya nafaka.

Jana nikapanda gari kwenda Masimba.

Baba mdogo haoni vizuri siku hizi, lakini sauti yangu aliijua nikiwa bado langoni. Nilimpigia goti kama ipasavyo. Hatukuzungumza habari za mvua.

"Baba, ulijua."

"Nilijua."

"Na Madamu alikuuliza."

"Aliniuliza." Akapapasa shingoni, mahali ambapo tai ilikuwa ikikaa. "Kerubo, wewe hukuwa katika chumba kile cha wakufunzi. Mimi nilikuwa peke yangu. Wenzangu walikuwa wakinitazama nikila, waone kama najua uma. Ningeinuka niseme mke wa mwanangu hawezi kunitazama, kwa hiyo mpeni mkufunzi mwingine? Wangecheka."

"Moraa wamemcheka tangu siku hiyo."

"Yeye husema nini?"

"Hasemi, Baba. Angesemaje? Wewe ni baba mkwe wake."

Sijui kama nimewahi kumwona mzee akipokea pigo kwa namna ile. Hakutikisika. Alikunja tu mikono juu ya fimbo, kana kwamba kuna kitu kingedondoka.

Nikamwambia ninachotaka kwake Jumapili. Sikukipamba.

"Nisimame mbele ya watu wote? Na umri huu?"

"Na umri huu."

Kuku wakapita. Gari likapiga honi barabarani. Hatimaye akauliza swali moja, na kwa swali hilo nikajua kwamba sheria ambayo aliikana mbele ya Madamu haikuwahi kumtoka hata siku moja.

"Nitakapokuwa nikisema, yeye atakuwa ameketi wapi?"

"Nyuma yako, Baba."

"Mbali?"

"Mbali."

"Basi nitasema."

Hasira yangu haijaisha. Msidhani mzee akikubali mambo yamekwisha. Nakasirika kwa niaba ya watoto wote ambao Moraa hakuwafundisha kugawanya. Na zaidi nakasirika kwa sababu Madamu alikuwa mgeni na aliuliza. Nyinyi ni wenyeji na hamkuuliza. Mama wa watu alisema "siji", na hakuna hata mmoja aliyetuma neno la kuuliza "kwa nini?" Mlikuwa na jibu tayari kwenye simu.

Jua limeshuka hadi usawa wa majani ya chai. Nina nafasi ndogo, nitaitumia kuwatangazia uamuzi. Nimeshauriana na wazee wa nyumba mbili, nao wameniachia niuseme kwa niaba yao. Mwenye kuupinga na aje kwangu kesho baada ya ibada, kwa miguu yake, si kwa simu.

Kochi la watu wawili lirudishwe lilikokodiwa. Deni, utalirudisha wewe.

Moraa ataketi upande wa akina mama, chini ya kivuli, pamoja nami. Mwalimu Ombati ataketi upande wa wazee, mbele, akiwa amewaelekea wageni na kutupa sisi mgongo. Kati yao pawe na watu. Keki itakatwa na watoto, na mtu asimlishe mtu.

Baada ya sala ya kwanza, kabla ya hotuba yoyote, kabla hata ya mbunge kama atakuja, Mwalimu Ombati atasimama. Hatageuka. Atawaambia wageni alichoulizwa ofisini na alichojibu, kisha atasema jibu ambalo lilipaswa kuwa. Vipaza sauti viwekwe sawa. Sitaki mtu aseme hakusikia.

Deni, neno lile ulifute katika kundi, na mahali pake uandike sababu kwa maneno yako mwenyewe, ili nijue umeelewa. Halafu uende kwa nyanya yako, ukae chini, umuulize alikuwa akifundisha nini siku ile. Nina hakika bado anaukumbuka ubao wote.

Na Mwalimu atakapomaliza, msimgeukie Moraa kwa makofi na vigelegele mkimhimiza ajibu. Mtu asimpelekee kipaza sauti. Atakuwa ameinamisha kichwa, atakuwa amenyamaza, na safari hii, ukoo mzima, mtajua ni jibu.